Jina na Hatia: Usawiri wa Wahusika katika Historia Iliyoandikwa na Randy Shilts

Historia ya jamii iliyobaguliwa mara nyingi huandikwa kwanza na mwanahabari. Mwaka 1981 gazeti la San Francisco Chronicle lilimwajiri Randy Shilts, mpenzi wa jinsia moja asiyejificha, naye akaiandikia jamii yake ya San Francisco vitabu viwili mashuhuri: The Mayor of Castro Street (1982) na And the Band Played On (1987). Makala haya yanachunguza jinsi usawiri wa wahusika katika vitabu hivyo unavyogawa haki na hatia.

Kitabu cha kwanza kinasimulia maisha ya Harvey Milk, mwenye duka la kamera aliyeshindwa katika chaguzi kadhaa kabla ya kuingia katika baraza la jiji kwa uchaguzi wa mwaka 1977, na aliyeuawa pamoja na Meya George Moscone tarehe 27 Novemba 1978. Shilts hazifichi kasoro za shujaa wake, na kwa hiyo madai ya haki anayoyabeba shujaa huyo yanasadikika.

Kitabu cha pili kinaishtaki serikali ya Reagan, benki za damu, vyombo vya habari na hata baadhi ya viongozi wa jamii yenyewe kwa kuchelewa kuukabili UKIMWI. Shtaka hilo lingali na uzito. Hata hivyo, masimulizi yake yalimpa nafasi ya mkosaji Gaëtan Dugas, mhudumu wa ndege kutoka Kanada aliyefariki mwaka 1984. Katika uchunguzi wa awali wa kitabibu, Dugas alitambulishwa kwa herufi O, kuonyesha kwamba alitoka nje ya California. Herufi hiyo ikasomwa kuwa sifuri, na jina “Mgonjwa Sifuri” likaenea. Utafiti wa kijenetiki uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba hakuwa chanzo cha virusi hivyo Marekani. Hivyo, kitabu kilichokusudia kuzihukumu taasisi kiliwapa wasomaji mtu mmoja wa kulaumiwa.

Tatizo hili halimhusu Shilts peke yake. Katika Kiswahili, neno shoga, ambalo wanawake wa pwani huitana kwa urafiki, hutumika pia kumtaja mwanamume apendaye wanaume, mara nyingi kwa shutuma. Kwa hiyo, uhakiki wa uandishi wa habari kuhusu jamii hizi hauna budi kuuliza, pamoja na usahihi wa matukio, ni nani aliyelichagua jina na ni hatia gani aliyebandikwa jina hilo anabebeshwa.