Gari Jepesi na Gari Lenye Nguvu

Msomaji kijana, ukipita madukani Migori au ufukoni Homa Bay, huenda ukawakuta vijana wenzako wakibishana juu ya magari, huyu akisifu hili na yule lile. Aghalabu atajaye injini kubwa zaidi ndiye ahesabiwaye kuwa ameshinda. Nia yangu ni kuipima hukumu hiyo.

Natuchukue magari mawili ya Kijapani, yote ya viti viwili. La kwanza ni Mazda MX-5, gari dogo la wazi lililotokea mwaka 1989. Lile la toleo la nne, lenye injini ya lita 2, lina uzito wa kilo 1,060 hivi, na tangu 2018 nguvu zake zimefikia farasi 181. La pili ni Nissan 370Z, gari la milango miwili lenye paa la chuma. Injini yake ni ya lita 3.7, nguvu zake farasi 332, na uzito wake kilo 1,500 hivi. Je, lipi lafaa zaidi katika uwanja wa mbio?

Penye njia iliyonyooka hapana ubishi: Nissan hutangulia. Lakini kila mnyooko una mwisho wake, na mwisho huo ni kona. Hapo dereva hana budi kupunguza mwendo, na kazi yote huziangukia breki. Fizikia yatufundisha kwamba mwendo ukizidi mara mbili, nishati ya gari huzidi mara nne. Basi, tuseme gari zito lafika konani kwa kilomita 200 kwa saa, na jepesi kwa kilomita 180. Nishati ya lile zito itazidi ya mwenzake kwa robo tatu hivi, na sehemu kubwa yake lazima igeuke joto katika breki. Baada ya mizunguko kadhaa breki hupata moto na kulegea, na matairi huchakaa. Gari jepesi huendelea na kazi yake.

Tena, injini kubwa humficha dereva makosa yake. Aliyepita konani vibaya huufidia muda wake penye mnyooko, akadhani ni fundi. Gari jepesi halina fadhila hiyo: mwendo ulioupoteza kwa uzembe, umeupoteza. Kwa hiyo ni mwalimu mkali, lakini mwaminifu.

Mashindano ya Safari si ya uwanjani, lakini yanatupa ushahidi. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, katika Datsun 240Z ya lita 2.4, alimaliza sawa kwa alama na Harry Källström aliyeendesha Datsun ndogo ya lita 1.8, Mehta akapewa ushindi kwa kanuni ya kuamua walio sawa. Mwaka uliofuata Joginder Singh, aliyeitwa Simba wa Kenya, aliishinda Porsche 911 ya Björn Waldegård kwa Mitsubishi Lancer ya lita 1.6 tu.

Hata hivyo, haki yataka tuseme na upande wa pili. Ile 240Z ilishinda mwaka 1971 pia. Nguvu si upuuzi. Na gari la wazi lina upungufu mkubwa: likipinduka, dereva hana paa la kumkinga, kwa hiyo lisiingie uwanjani bila mhimili wa chuma nyuma ya viti. Hukumu yangu basi ni hii: anayejifunza achague gari jepesi, aliyekwisha kujifunza, mwenye uwanja wa minyooko mirefu na fedha za breki na matairi, hatakosea akichagua lenye nguvu.

Neno la mwisho. Barabara itokayo Kisii kupitia Rongo na Migori hadi Isebania si uwanja wa mbio, wala ile ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay. Humo mna mama atokaye sokoni, mna bodaboda, mna ng'ombe wavukao, mna mtoto aendaye shule. Uwanjani kona huwa ile ile kila mzunguko. Barabarani hujui nini kimesimama nyuma yake. Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ukisikia tena mtu akitaja ukubwa wa injini, muulize kwanza: ni kwa kazi gani, na wapi?