Dhamiri ya Askari katika Mchezo wa Henry V

Msomaji, utii ni nguzo ya jeshi, na askari asiyetii huwaponza wenzake. Walakini kila avaaye sare hana budi kujiuliza: je, amri ya mkubwa yaweza kumwondolea mtu dhambi aliyoitenda kwa mkono wake? Katika mchezo wa Henry V, ulioandikwa yapata mwaka 1599, Shakespeare alilitia swali hili vinywani mwa askari wasio na cheo, na jibu wapewalo lastahili kupimwa.

Ni usiku wa kuamkia vita vya Agincourt, vilivyopiganwa Ufaransa mwaka 1415. Mfalme wa Uingereza, amejifunika joho la kuazima, anakaa na askari wake wasimtambue. Anawaambia kuwa vita vya mfalme ni vya haki. Williams anajibu kuwa hilo wao hawalijui. Bates haoni haja ya kulijua: wao ni raia wa mfalme, na kama shauri lake ni ovu, utii wao utawafutia hatia. Hii ndiyo faraja ya wengi. Nasi husema, mjumbe hauawi. Lakini mjumbe hubeba neno tu. Askari amebeba upanga.

Williams haridhiki. Anawaza viungo vilivyokatwa vitani, wajane walioachwa maskini na watoto wasio na mlezi. Kama vita si vya haki, asema, mfalme atakuwa na hesabu nzito siku ya kiyama. Mfalme anajibu kwa mfano: baba akimtuma mwanawe biashara, na mwana akafa baharini katika dhambi zake, baba halaumiwi. Kisha anakata shauri kuwa utii wa raia ni haki ya mfalme, bali roho ya kila raia ni mali yake mwenyewe.

Jibu hili ni tamu, lakini limelikwepa swali. Williams hakuuliza juu ya dhambi ambazo askari walitoka nazo makwao. Aliuliza juu ya vita vyenyewe. Baba yule alimtuma mwanawe kuuza mali, hakumtuma kuua. Tena neno la mfalme lakata kuwili: ikiwa roho ni mali ya askari, faraja ya Bates imevunjika, maana mfalme hawezi kuisafisha roho isiyo yake.

Kesho yake neno hilo linajaribiwa. Mfalme, aonapo Wafaransa wamejikusanya upya, anaamuru kila askari awaue mateka wake. Hatusikii hata sauti moja ya askari ikiuliza. Baada ya ushindi Williams anajua alibishana na nani. Anajitetea kwa ujasiri, na glavu ya ugomvi wao inajazwa sarafu. Amepewa fedha, jibu hakupewa. Wako watakaouona huo kuwa upungufu wa mchezo. Mimi nauona kuwa ndio uzito wake, kwani swali limebaki kwetu sisi tusomao.

Katika kesi za Nuremberg, zilizoanza mwaka 1945, hoja ya Bates ilikataliwa: amri ya mkubwa iliweza kupunguza adhabu, haikuweza kufuta hatia. Basi wewe utakayevaa sare kesho, iwe ya polisi, ya magereza au ya jeshi, tii amri ya haki upesi na kwa moyo. Lakini uamriwapo kumdhulumu asiye na silaha, kumbuka kuwa sare ni ya serikali, na mkono ulio ndani yake ni wako.