Vampaya si zimwi: Filamu za kutisha na msamiati wetu wa hofu

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wasomi wetu kwamba filamu za kutisha ni burudani ya vijana wasio na la kufanya: damu nyingi, mayowe mengi, maana kidogo. Ukimwona mhadhiri wa fasihi akizijadili, basi unajiuliza kama amekosa riwaya ya kusoma. Dhana hiyo siikubali, na leo nitaitetea kauli yangu kwa filamu tatu: His House ya Remi Weekes (2020), Nosferatu ya Robert Eggers (2024) na Sinners ya Ryan Coogler (2025).

Hoja yangu ni moja. Katika filamu hizi zote, kinachotisha hasa si meno wala giza. Ni neno. Balaa linaingia kwa mkataba uliotiwa saini, kwa uongo uliosemwa, au kwa mlango uliofunguliwa kwa kauli ya ukaribisho. Na kama hofu imebebwa na neno, mtazamaji wa Kiswahili anayepewa tafsiri legelege anaibiwa filamu yenyewe. Nitalazimika kufichua mengi yanayotokea ndani yake. Ambaye hajazitazama na hapendi kuharibiwa uhondo aweke gazeti kando kwanza.

Nianze na Nosferatu, ambayo sitakaa nayo sana. Ni hadithi kongwe. Friedrich Murnau aliifanya filamu mwaka wa 1922 akiitegemeza kwenye riwaya ya Bram Stoker, Dracula, ya 1897. Eggers anatupeleka Ujerumani mwaka wa 1838. Kijana Thomas Hutter, aliyeoa juzi na asiye na pesa, anatumwa mbali kukamilisha uuzaji wa nyumba kwa bwana mmoja aitwaye Orlok. Huko anawekewa mbele karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoifahamu, na mfuko wa dhahabu pembeni. Anatia saini. Baadaye tunagundua kwamba karatasi ile haikuhusu nyumba tu. Kwa wino ule kijana amemwacha mkewe.

Filamu hii ina picha za kuvutia mno, lakini kwangu inachosha katikati. Wahusika wanalia na kutetemeka hadi kilio kinakosa uzito, na mke wa Hutter, Ellen, anaishia kuwa kafara ya kuokoa mji ambao haukuwahi kumsikiliza. Hata hivyo, tukio la ile saini nalipa alama zote. Mkenya halihitaji kufafanuliwa. Mikataba ya 1904 na 1911 iliyowahamisha Wamaasai kutoka katika malisho yao iliandikwa kwa Kiingereza, na viongozi wao wakaweka alama tu. Kutia saini kwa lugha ya mwenzako ni hofu ambayo sisi tunayo kwenye kumbukumbu, wala hatuhitaji jumba la kale lenye utando wa buibui ili tuihisi.

His House ni filamu ndogo kwa bajeti lakini kubwa kwa fikra. Bol na Rial ni mume na mke waliokimbia vita Sudan Kusini. Wamevuka bahari kwa mashua, na humo safarini msichana waliyekuwa naye, Nyagak, amezama. Uingereza inawapa nyumba chakavu na masharti chungu nzima. Bol anataka kuwa kama wenyeji: wale mezani, kwa uma. Rial anasema chakula kinampa ladha ya chuma. Usiku, ndani ya kuta, kuna kitu.

Rial anakijua kwa jina. Ni apeth. Anasimulia kisa cha mtu maskini aliyetamani sana nyumba yake mwenyewe hata akaanza kuiba. Miongoni mwa aliowaibia akawamo apeth, na nyumba ilipokamilika, apeth akahamia humo. Hii ni ngano, na imetumika jinsi ngano zinavyotumika kwetu: kumwambia mtu asichoweza kuambiwa waziwazi. Kwa maana ukweli unapokuja kufichuka, tunapata kwamba Nyagak hakuwa mtoto wao. Basi la kuwaokoa watu lilikuwa limejaa, nafasi wakipewa wenye watoto, na Bol akamnyakua mtoto wa mwenyewe ili wapande. Mama yake mzazi akaachwa akipiga mayowe.

Hebu sasa tutafsiri. Apeth ni nani kwa Kiswahili? Filamu yenyewe, kwa Kiingereza, inamweleza kuwa mchawi wa usiku. Mtafsiri aliye macho atakumbuka kwamba tunalo neno 'mwanga', yaani mchawi anayefanya mambo yake usiku. Linakaribia, ila mwanga ni binadamu, ni jirani anayekusalimu asubuhi, na apeth si binadamu. Weekes aliamua kuliacha neno kama lilivyo, na alifanya vyema. Kiswahili nacho kiliache. Si kila jina la hofu ya watu lina mwenzake kwingine.

Lakini mwishoni mwa filamu hiyo kuna jambo ambalo Kiswahili kinaliweza kuliko Kiingereza. Bol anamweleza ofisa aliyekuja kukagua nyumba kwamba wafu hawakuachi, wanaishi nawe, na kwamba alianza kupona alipowaruhusu wakae. Kisha tunaona nyumba imejaa waliofariki njiani, wamesimama kimya pamoja na wenye nyumba. Hiyo ndiyo mizimu! Mzimu, kwa maana yake ya asili, ni roho ya aliyekufa ambaye bado ana uhusiano na walio hai. Anakumbukwa, anatambikiwa, anaweza kukasirika. Anayekutokea barabarani usiku bila kukujua wala kukudai ni mzuka. Anayepanda kichwani mwa mtu ni pepo. Jini naye ana ukoo wake na imani yake. Sisi, hata kwenye filamu na tamthilia zetu za humu nchini, tumechanganya wote hawa kwenye chungu kimoja, na mara nyingi anayeonewa ni mzimu, maskini. Babu wa watu anavishwa macho mekundu na kupewa kazi ya kufukuza wasichana vichakani. Kumgeuza mhenga kuwa dubwana ni kuharibu neno, na ni kutusi itikadi iliyolizaa.

Kasoro ya His House ni kwamba nusu yake ya kwanza inategemea mno vishindo vya ghafla, mikono inayochomoza ukutani na kadhalika. Anayeokoa sehemu hizo ni Wunmi Mosaku katika nafasi ya Rial, kwa uso tu. Mwigizaji huyohuyo ndiye Annie katika Sinners, na huko tena yeye ndiye anayejua majina ya mambo.

Sinners ndiyo bora kati ya hizi tatu. Ni mwaka wa 1932 mjini Clarksdale, jimbo la Mississippi. Pacha wawili, Smoke na Stack, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wamerudi kutoka Chicago na pesa zisizoulizwa zilikotoka. Wananunua kiwanda cha zamani cha kupasulia mbao na kukigeuza ukumbi wa dansi kwa ajili ya Weusi wenzao wanaovunjwa mgongo na mashamba ya pamba. Binamu yao Sammie, mwana wa mhubiri, anapiga gitaa la bluzi kwa namna ambayo inawaita waliotangulia na watakaokuja. Sauti hiyo inamvuta Remmick, mnyonya damu aliyetoka Ayalandi zamani, ambaye anataka muziki wa Sammie umfikishe kwa watu wake aliowapoteza.

Remmick na wenzake wanafika mlangoni na ala zao, wanaimba, wanaomba kuingia kwa adabu. Kanuni ni kwamba hawawezi kuvuka kizingiti mpaka wakaribishwe. Mtafsiri wa haraka ataandika 'nialike ndani'. La hasha! Kualika ni kwa arusi na karamu, hutumwa kadi au mtu. Anachofanya Remmick ni kupiga hodi, na anachotafuta ni 'karibu'. Mtu aliyelelewa katika Kiswahili anajua kwamba hodi hupigwa mara tatu, ukikosa jibu unarudi ulikotoka, na kwamba 'karibu' hutoka mdomoni kabla ya fikra. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Filamu hii inatuuliza: je, mgeni akija na mwenyeji asipone?

Tazama tukio la Cornbread, bawabu wa ukumbi. Ametoka nje kujisaidia, anarudi, anasimama mlangoni akiomba aambiwe aingie. Annie ndiye anayeshtuka. Bawabu anapiga hodi kwenye mlango anaoulinda mwenyewe? Hakuna damu katika tukio hilo, hakuna kishindo, ila ni adabu iliyotumika pasipo mahali pake. Nadhani msemaji wa Kiswahili anaweza kulihisi upesi kuliko mtazamaji mwingine yeyote.

Kisha kuna Grace, mwenye duka, Mchina. Mumewe amekwisha kugeuzwa, na wanaogeuzwa wote huunganishwa kumbukumbu zao. Remmick sasa anamsemesha Grace kwa Kichina, lugha ya nyumbani mwake, na kumtajia binti yake. Kwa uchungu Grace anawapigia kelele waingie, na wanaingia. Methali yetu inadai kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Coogler anaipindua bila kuijua: zimwi lililoijua lugha yako ndilo linalokumaliza.

Lililonikaa moyoni zaidi linakuja baadaye. Sammie, amekamatwa, anaanza kusali sala ya Bwana. Remmick anaisali pamoja naye. Anaeleza kwamba walioiba ardhi ya baba yake ndio waliowalazimishia maneno hayo. Aliwachukia watu wale, na bado maneno yanamtuliza. Nani kati yetu, tuliosoma kwa lugha ya waliotutawala na tukaipenda, anaweza kucheka hapo? Jinamizi la filamu limesema jambo ambalo tumeliandikia vitabu kwa miongo kadhaa.

Nina lawama moja kwa Sinners. Baada ya alfajiri ya wanyonya damu kuna mapigano mengine ya bunduki dhidi ya wabaguzi wa Ku Klux Klan. Yanaridhisha hasira, lakini ni kama filamu nyingine iliyobandikwa mkiani mwa hii.

Sasa, Remmick tumwite nani? Vijana husema vampaya na kuendelea. Niliwauliza wanafunzi wangu wa uzamili, nikapewa zimwi, mzuka, shetani, pepo na mnyonya damu. Zimwi wamelitoa shuleni, kwenye ngano za mazimwi. Lakini zimwi ni mlafi. Humeza mtu mzima na nyumba yake, na mara nyingi hushindwa na mtoto mwerevu. Halipigi hodi. Mnyonya damu linaeleza kitendo, na kupe pia hunyonya damu.

Neno ambalo hakuna aliyelitaja ni mumiani. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inalieleza kama dawa nyeusi mithili ya gundi, ya kutibia mifupa iliyovunjika na maradhi mengine, iliyosemekana kutoka Uajemi. Na papo hapo inataja imani ya wengi kwamba ni damu ya watu waliouawa kwa ajili hiyo. Kutoka kwenye dawa, neno likahamia kwa mwenye kuitafuta. Enzi za ukoloni, watu wa Nairobi na Kampala waliogopa wazimamoto, ambao uvumi ulidai hukamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliuchunguza uvumi huo katika kitabu chake cha mwaka wa 2000, naye hakuuona kuwa upuuzi. Aliusoma kama historia: watu walivyousema utawala uliochukua nguvu zao kwa manufaa ya wengine.

Hapo ndipo mumiani anapomshinda zimwi. Zimwi hula kwa njaa. Mumiani huchukua damu kwa kuwa ina thamani mahali pengine. Remmick anautaka muziki wa Sammie kwa sababu unamfaa yeye, na anauita upendo. Ni kweli kwamba mumiani wa mapokeo hakumgeuza aliyemnyonya kuwa mumiani mwenzake. Itabidi neno lipanuke, na hilo si geni kwake. Lilikwisha kupanuka kutoka chupa ya dawa hadi mtu wa kuogofya.

Wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng, akina DJ Afro na wenzake, wana hadhira ambayo profesa yeyote angeionea wivu. Wanaoandika maandishi yanayopita chini ya skrini wanaongezeka. Kwao, na kwa watunzi wetu wa filamu, nashauri hivi: kabla ya kuandika 'mzimu', ulizeni huyu aliyekufa ana nasaba na nani. Kabla ya 'zimwi', ulizeni anataka nini. Na walimu wa fasihi simulizi wanaofundisha ngano za mazimwi wakiweza kupata saa mbili, wawaonyeshe wanafunzi wa vyuo His House, kisha wawaulize ni nani mwenye nyumba ile. Majibu yatatosha kwa muhula mzima.