Hasira ya Nabii na Subira ya Mungu katika Kitabu cha Yona

Kitabu cha Yona kina sura 4 tu, lakini swali lake ni zito. Ninawi ulikuwa mji wa Waashuru, watesi wa Israeli. Kwa hiyo hasira ya nabii kwa kusamehewa kwao haikosi sababu. Mungu haikatazi, anamwuliza mara mbili kama yafaa. Katika Kiebrania neno moja lina maana ya pua na ya hasira, na mwenye subira huitwa "mrefu wa pua": hasira yake ina safari ndefu kabla ya kutoka. Kasoro ya Yona si ukali, bali kipimo: auhurumia mmea ulionyauka, asiwahurumie watu zaidi ya 120,000. Kitabu chaishia kwa swali la Mungu. Jibu laachiwa msomaji, hasa yule aliyeonewa.