Sidecar ya Diani: kipimo kinavyojengwa upya

Sidecar ni kokteili ya vitu vitatu tu: brandi, pombe tamu ya maganda ya machungwa na maji ya limau. Hata hivyo mabingwa wake hawakuwahi kukubaliana juu ya kipimo. Harry MacElhone, katika kitabu chake cha 1922, aliigawa mafungu sawa. Kitabu cha hoteli ya Savoy ya London cha 1930 kikaipa brandi nusu, vingine robo robo. Mwaka 1948 David Embury akapanda hadi mafungu manane ya brandi kwa mawili ya limau na moja la pombe ya machungwa. Kila mmoja alisawazisha ukali, uchachu na utamu kwa vitu vilivyokuwa mezani pake. Anayeitengeneza nyumbani Ukunda au Msambweni ana haki, tena ana wajibu, wa kufanya vivyo hivyo.

Tuanze na uchachu, ambapo hapa ndimu inachukua nafasi ya limau. Wengi hudhani ndimu ni kali kuliko limau, kwa hiyo huipunguza. Kwa kweli maji ya matunda haya mawili yana asidi inayokaribiana sana, gramu 6 hivi katika kila mililita 100. Kipimo kibaki kilekile. Tatizo la ndimu ni uchungu wa ganda, nao hutoka mtu anapoikamua mpaka ganda linapinduka. Ikate kwa upana, iminye mara moja, chuja mbegu, na uitumie siku hiyohiyo.

Utamu ndipo penye kazi. Cointreau, pombe ya machungwa iliyozoeleka katika kokteili hii, ni ghali, na chupa nzima kwa glasi chache ni hasara. Lakini harufu yake inatokana na mafuta ya maganda, na maganda Kwale tunayatupa kila siku. Chungwa letu huiva likiwa bado kijani, kwa sababu usiku wa Pwani hauna baridi ya kuliondolea rangi hiyo. Usiliruke sokoni kwa kudhani ni bichi.

Osha machungwa manne, umenye ganda jembamba la juu na kuacha weupe, maana weupe ni mchungu. Changanya maganda na gramu 100 za sukari nyeupe, uyafikiche kwa vidole, ufunike kwa saa tatu. Ukifunua utakuta sukari imelowa na kung'aa bila kutiwa hata tone la maji: imeyavuta mafuta kutoka kwenye ganda. Mimina mililita 100 za maji ya moto, koroga hadi iyeyuke, chuja. Umepata shira ya mililita 160 hivi, ya glasi nane. Sukari ya kahawia ni tamu kwenye kaimati, ila hapa ladha yake huifunika harufu ya chungwa.

Shira haina pombe, ilhali Cointreau ina asilimia 40, sawa na brandi nyingi. Ukifuata mafungu sawa ya 1922 kwa shira, kinywaji kitashuka hadi asilimia 13 kabla barafu haijayeyuka, na brandi haitasikika tena. Ndiyo maana napendekeza mililita 60 za brandi, 20 za ndimu na 20 za shira. Hapo unaanza na asilimia 24.

Barafu nayo ni kiungo. Kupoza mililita hizo 100 kutoka nyuzi 30 hadi sifuri kunayeyusha gramu 35 hivi za barafu. Ukianzia nyuzi 20, ni gramu 23 tu. Kwa joto la Diani, basi, brandi na shira zikae kwenye friji kwanza, na barafu itoke ikiwa kavu, isiyochuruzika. Chupa ya jemu yenye kifuniko inatosha: tikisa kwa nguvu sekunde 15, kisha chuja kwenye glasi iliyopozwa.

Linganisha na dawa, kokteili ya vodka, ndimu na asali iliyopata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore, Nairobi, na inayouzwa katika hoteli nyingi za Diani. Asali haiyeyuki vizuri kwenye baridi, kwa hiyo mnywaji huachiwa kijiti, aendelee kuponda na kukoroga apendavyo. Sidecar haina kijiti. Uamuzi wote ni wa mtengenezaji, na kosa la mililita tano linaonekana kwenye funda la kwanza.

Kwa hiyo onja kabla ya kumimina. Ikikwaruza koo, ongeza shira kijiko kimoja, ikilewesha ulimi kwa utamu, ongeza ndimu, brandi usiiguse. Na kwa wageni wasiokunywa pombe, ambao Kwale ni wengi, shira hiyohiyo na ndimu hiyohiyo kwenye maji baridi ni sharubati ya kuheshimika. Waandalie kwa uangalifu uleule.