Istilahi Mbele ya Kipimo: Mfano wa Mota ya Relaktansi

Waundaji wa istilahi za sayansi wamezoea kulipa jina kwa jina: neno la kigeni likiingia, hutafutiwa neno moja la kulikabili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ni tunda kubwa la juhudi za namna hiyo. Hata hivyo, istilahi haithibitiki katika orodha. Huthibitika inapotumiwa kueleza kazi. Makala haya yanaichunguza hoja hiyo kwa mfano wa upimaji wa tabia za kisumaku za mota ya relaktansi.

Msomaji anayekusudiwa ni kijana wa Sirisia, Bungoma, anayesema Lubukusu nyumbani na Kiswahili sokoni, na kufundishwa fizikia kwa Kiingereza. Mota anaijua katika kinu cha mahindi, ingawa hiyo kwa kawaida ni ya aina nyingine, ya induksheni.

Tafsiri ya haraka ya relaktansi ingekuwa "kusita". Neno hilo lapotosha, kwani chuma hakisiti. Rota ya mota hii haina koili wala sumaku ya kudumu; ina meno ya chuma tu. Koili ya stata ikipewa umeme, jino la rota huvutwa lilingane na la stata, kwa kuwa hapo njia ya sumaku ni nyepesi zaidi. Umeme huhamishwa kutoka koili hadi koili, na rota huzunguka. "Ugumu wa njia ya sumaku" ni maelezo marefu, na katika kanuni za hesabu ufupi ni lazima; lakini yanasema kweli.

Kipimo ndicho hakimu. Rota hufungwa isigeuke, koili hupewa volteji kwa ghafla, kisha volteji na mkondo hurekodiwa. Sehemu ya volteji inayoliwa na ukinzani wa waya huondolewa, na salio hujumlishwa kwa muda wote. Jumla hiyo ndiyo fluksi inayokumbatiwa na koili. Rota husogezwa kidogo, kazi ikarudiwa. Katika mota yenye meno 8 ya stata na 6 ya rota, nyuzi 30 zatosha, tangu meno yapishanapo hadi yalinganapo. Yakipishana, mchoro wa fluksi na mkondo hukaribia kunyooka. Yakilingana, hupanda upesi kisha hupinda, kwa sababu chuma kimeshiba. Kutokana na michoro hiyo hukokotolewa nguvu ya kuzungusha katika kila pembe.

Ni dhahiri kwamba kushiba, kukumbatia, kupishana na kulingana hayakuundwa na kamati yoyote, nayo ndiyo yaliyobeba maelezo. Kasoro ya uundaji wa istilahi ni kuthamini nomino na kuvisahau vitenzi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa kijana wa Sirisia, urasmi huo utakuwa na maana atakapoweza kukifuata kipimo hiki hatua kwa hatua katika Kiswahili, na kuyahoji matokeo yake. Orodha ya majina pekee haitamfikisha huko.