Mshipa Upi? Juu ya Istilahi za Upasuaji wa Vena na Ateri za Miguu

Istilahi ikiwa ingali ndani ya kamusi huhukumiwa kwa upole. Ikifika kitandani kwa mgonjwa, hukumu yake huwa nyingine. Hivi karibuni ilitufikia karatasi ya maelekezo, iliyofasiriwa kwa Kiswahili, kwa ajili ya wagonjwa wanaotazamiwa kupasuliwa kwa maradhi ya mishipa ya miguu. Hatutaitaja hospitali iliyoitoa, wala hatudhani kwamba mfasiri wake ni mzembe kuliko wengine. Sarufi yake ni nzuri na sentensi zake zinasomeka. Hata hivyo karatasi hiyo ina hatari, na hatari yenyewe imetokana na neno moja ambalo tumelizoea mno hata hatulioni tena: neno mshipa.

Karatasi yamwagiza mgonjwa "wa mishipa ya miguu" aufunge mguu kwa bendeji ya kubana na auinue juu ya mto anapolala. Kwa mgonjwa wa vena agizo hili ni jema. Vena ndizo zinazoirudisha damu moyoni, na ndani yake mna vali, yaani vilango vidogo vinavyoizuia damu isiporomoke. Vali zikilegea, damu hutuama mguuni. Vena hutuna na kupindapinda, mguu huvimba, ngozi ya karibu na kifundo hubadilika rangi, na mwishowe hutokea kidonda kisichopona. Kuubana na kuuinua mguu huisaidia damu kupanda. Lakini mgonjwa wa ateri ana shida iliyo kinyume kabisa na hiyo. Damu yake haishuki ya kutosha, kwa sababu ateri imesongwa na utando mgumu wa mafuta na chokaa, hasa kwa mvutaji wa sigara na mwenye kisukari. Maradhi yakizidi, mguu humwuma hata usiku akiwa amelala, naye huuning'iniza nje ya kitanda apate nafuu. Huyu akitii agizo la kuuinua mguu, atazidisha maumivu yake. Na akiubana kwa nguvu, ataunyima hata ile damu kidogo iliyobaki, na ngozi yaweza kufa. Ndiyo sababu waganga hulinganisha kwanza shinikizo la damu la kifundo cha mguu na lile la mkono. Uwiano wa 0.9 hadi 1.3 ni wa kawaida, ukipungua 0.8, bendeji ya kubana kikamilifu haifungwi bila ushauri wa mtaalamu, na chini ya 0.5 haifungwi. Mfasiri wetu hakukosea tafsiri ya bendeji wala ya mto. Alikosea kumtaja mwenye kuambiwa.

Yamkini atajitetea kwamba amelikuta neno likitumika hivyo, na utetezi wake una haki. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ililipa neno mshipa wajibu wa vena, ateri, neva na kano kwa pamoja, na likaongezewa maradhi ya ngiri na busha. Hata leo, mzee wa pwani akisema "nina mshipa", daktari hana budi kuuliza zaidi kabla hajaanza kumtazama mguu. Aidha tunao mshipa wa fahamu, na mshipa wa aibu, ambao hukatika bila msaada wa mpasuaji yeyote. Hatulilaumu neno. Katika mazungumzo ya nyumbani upana wake ni utajiri. Katika karatasi ya hospitali upana huo huo ni kasoro.

Na tiba yake tunayo zamani. Maneno ateri na vena yamo katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990, na hayakuingia humo kama wageni, maana watoto wa shule za msingi wameyasoma katika somo la sayansi. Ajabu ni kwamba mtoto anayajua, ila mfasiri wa karatasi ya watu wazima anaona haya kuyatumia, kana kwamba mtu akishapata mvi hupoteza yale aliyofundishwa darasa la sita. Wapo wanaopendekeza badala yake "mshipa wa damu safi" na "mshipa wa damu chafu". Pendekezo hili tunalikataa kwa sababu mbili. Kwanza si kweli: ateri iendayo mapafuni huchukua damu iliyopungukiwa oksijeni, na vena itokayo huko hurudisha iliyojaa oksijeni. Pili, mgonjwa akiambiwa kuwa mshipa wake una damu chafu, atadhani anatuhumiwa jambo. Anayeona maneno ya kigeni ni mazito na aseme "ateri, yaani mshipa unaoshusha damu mguuni" na "vena, yaani mshipa unaoirudisha moyoni". Akishasema hivyo mara moja mwanzoni, basi aendelee na ateri na vena mpaka mwisho, bila kurudi kwenye mshipa kwa ajili ya kupamba maandishi.

Upungufu wa neno mshipa haujitokezi mahali popote kama katika upasuaji wenyewe. Mwaka 1948, mjini Paris, daktari Jean Kunlin alitumia vena ya mguu wa mgonjwa kuipitishia damu kando ya ateri ya paja iliyoziba. Vena ile ilitolewa, ikageuzwa juu chini ili vali zake zisiizuie damu inayoshuka, kisha ikashonewa ateri juu na chini ya mahali palipoziba. Jaribu sasa kulieleza jambo hili kwa mtindo wa karatasi yetu: mshipa ulitolewa, ukageuzwa, ukashonewa mshipa ili damu iupite mshipa. Msomaji gani atajua ni kipi kilichotolewa na kipi kilichobaki? Vena iliyotumika huitwa vena safena. Wataalamu wanabishana kama jina hilo limetokana na safin ya Kiarabu au na neno la Kiyunani lenye maana ya dhahiri. Sisi lituweke radhi kwamba linatamkika.

Njia ile mpya ya damu tuiiteje? Wengi hukimbilia mchepuko, kwa mfano wa barabara. Neno lilikuwa zuri, lakini mtaa umekwisha kulichukua na kulipa maana ya mpenzi wa pembeni, na sidhani, wala wenzetu hawadhani, kwamba mke wa mgonjwa atapenda kusikia kuwa mumewe amewekewa mchepuko hospitalini. Mchepuo nao umeshikwa na shule. Tunapendekeza njia ya kando: "kupandikiza njia ya kando ya ateri". Si fupi, ila haimchekeshi mtu aliye katika hofu.

Yapo mambo ambayo Kiswahili chafaa kwayo kuliko lugha tunayofasiri kutoka kwake, na hapa wafasiri wetu wanaacha mali nyumbani wakaenda kukopa. Tunacho kitenzi kuziba na kinyume chake kuzibua. Mwaka 1964 daktari Charles Dotter, huko Oregon, Marekani, alipanua ateri ya mguu ya bibi mmoja mzee aliyekataa kukatwa mguu. Alipitisha mirija myembamba ndani ya ateri yenyewe bila kuupasua mguu. Leo kazi hiyo hufanywa kwa puto dogo, na pengine huachwa stenti ya kuitegemeza ateri. Karatasi yetu yaiita "angioplasti", basi. Mgonjwa angeelewa mara moja kama angeambiwa: ateri yako imeziba, tutaizibua kwa puto.

Lakini kitenzi hiki hiki chataka uangalifu. Katika upasuaji wa vena, daktari huziba kwa kusudi. Friedrich Trendelenburg, Mjerumani, alieleza mwaka 1891 jinsi ya kuifunga vena safena ili damu isiporomoke, na tangu hapo tiba nyingi za vena zilizotuna zimefuata fikra hiyo: vena mbovu hufungwa, huchomolewa au huzibwa, na damu hupata njia katika vena nzima zilizo ndani zaidi. Kwa hiyo kuziba ni maradhi ya ateri na ni dawa ya vena. Karatasi isemayo kwa mkato kwamba "mshipa ulioziba utatibiwa" na, aya mbili mbele, kwamba "mshipa utazibwa", humwacha mgonjwa akijiuliza kama daktari atamrudishia ugonjwa wake. Iandikwe "ateri iliyoziba" na "vena itakayozibwa", na shaka itaondoka.

Tumesema huchomolewa. Karatasi yasema "hung'olewa", nasi hatukubali. Jino hung'olewa, na kisiki hung'olewa, kwa kuwa vina mizizi. Vena huvutwa kutoka ndani ya mguu kwa waya kama kamba ndani ya upindo, na kitendo hicho ni kuchomoa. Kosa kubwa zaidi ni "kuchoma mshipa". Katika Kiswahili cha kila siku kuchomwa ni kuungua na pia ni kupigwa sindano. Sasa vena hutibiwa kwa njia zote mbili: huunguzwa kwa ndani kwa joto la leza au la mawimbi ya redio, ama hudungwa dawa inayoifanya inyauke. Mgonjwa aliyetia sahihi ya "kuchomwa" ameridhia lipi? Tuandike kuunguza na kudunga.

Juu ya majina ya dalili tutasema kidogo tu. Donda ndugu ni neno lenye nguvu na historia, ila halimwambii muuguzi kama kidonda ni cha vena au cha ateri, na tumekwisha kuona tofauti hiyo ina maana gani kwa bendeji. Lifuatwe daima na asili yake. Nayo "kuchechemea kwa vipindi" ni tafsiri ya neno kwa neno isiyomfaa mtu. Mgonjwa wa ateri hachechemei. Hutembea mwendo fulani, shavu la mguu likambana kwa maumivu, akasimama. Akipumzika dakika chache huendelea. Maumivu ya mwendo yatosha.

Limebaki neno mguu, na hapa twawaomba wanaotunga fomu za ridhaa watusikilize kwa makini. Mguu wa Kiswahili huanzia nyongani ukaishia kwenye vidole, na wayo umo humo. Fomu iliyoambatishwa na karatasi hii yaomba ruhusa ya "kukata mguu ikibidi". Wapi? Kidole, nusu ya wayo, chini ya goti, au juu ya goti? Anayekatwa chini ya goti hubaki na goti lake, na kwa mguu wa bandia huwa na matumaini makubwa zaidi ya kutembea kuliko aliyekatwa pajani. Zaidi ya hayo, wapo wagonjwa wanaosikia "kukata" hata pale daktari anapokusudia kupasua ngozi tu ili aifikie ateri, wakaikimbia hospitali ambayo ingeuokoa mguu. Kupasua kuwe kupasua, na kukata kuwe kuondoa kiungo, pamoja na mahali pake kutajwa kwa maneno na kuchorwa alama.

Karatasi na fomu tumezirudisha kwa waliozileta pamoja na masahihisho haya. Agizo la bendeji tumeligawa mara mbili, la vena ukurasa wake na la ateri ukurasa wake, na tumeomba zichapwe kwa karatasi za rangi mbili.